Samaki wa Bluu kwa Sebule ya Albertine

...na huyu wa bluu, amwambie ndiyo, neno moja tu, na Jumamosi ya Albertine itapinduka tumbo juu, Hortense alikuwa anawaza hivyo, mkono wake wa kulia umezama hadi kiwiko ndani ya akwarium, vidole vimeshika sifongo la kichujio linaloteleza kwa uchafu, na nyuma yake, kwenye kochi jipya ambalo bado halijavuliwa nailoni, wifi yake Albertine, dada mkubwa wa marehemu mumewe, anapekua picha za samaki kwenye simu na kusema bila kupumua, ndivyo alivyo, hata kanisani yeye humaliza sala kabla ya pasta... “Angalia huyu, bibi yangu, huyu wa bleu, muuzaji wa kule ville njo alinitumia foto, vraiment iko muzuri, hein, nimukamate?” ...bibi yangu, eti, bibi yangu, kwa kuwa kwao dada wa mume naye ni mume, humwita mke wa kaka yake mke wangu na watu wakacheka, ni utani, ni heshima, na Hortense naye alicheka miaka yote ile, mpaka alipobaki na mume wa namna hiyo peke yake ndipo akajua utani una meno... samaki huyo wa bluu Hortense anamjua, hana haja ya kugeuka kutazama picha, ni wale wa kwenye majabali ya ziwa Tanganyika, wadogo, wazuri kama kitenge cha sikukuu, na wakorofi kuliko mbwa mwenye watoto, mtie mmoja na samaki wekundu kwenye tangi dogo kama hili na asubuhi utakuta mapezi yamechanikachanika, macho yametolewa, huyo mwenye maringo anazunguka peke yake katika nyumba ya watu, ehe, katika nyumba ya watu, kama wengine tunaowajua... na Clément ndiye aliyemfundisha hayo, Clément fundi wa friji, aliyelikata tangi hili mwenyewe kutoka vioo vya kabati la duka lililofungwa, akaviunganisha kwa silikoni sebuleni kwao mtaani Ruashi, hadi leo pembeni pale gundi ina alama ya kidole gumba chake, Hortense anaiona kutoka hapa alipoinama, na hataki kuiona, na anaiona... alipenda samaki wekundu, poissons rouges, ambao wala si wekundu, ni rangi ya mawese, akamfundisha mkewe jioni baada ya jioni, kwamba samaki hawa hukua, hawabaki kama kidole, wawili kwenye tangi kama hili wanatosha, usiwasikilize wauza bocal, zile chupa za kioo, wanaokuambia samaki anaishi kwenye bakuli la matunda, kwamba wanapenda maji ya baridi, kwa hiyo usiwachanganye na wale wadogo wa maji ya joto, maana watawameza halafu useme umeibiwa, kwamba maji ya robine, ya bomba, yana dawa, uyaache kwanza kwenye ndoo wazi, “Uache mayi ilale kwanza,” alikuwa akisema, maji nayo yalale, yaamke bila dawa, na ubadilishe sehemu tu, kamwe usibadilishe yote, na sifongo usilisuuze kwa maji mapya, lisuuze kwa maji ya humo humo tangini, kwa kuwa uchafu mwingine si uchafu, ni wafanyakazi wasioonekana, ukiwafukuza nyumba inanuka... na chakula kidogo, kidogo sana, “Poisson rouge hakufake na njaa, Hortense, anakufaka na shibe,” na umeme ukikatika, pampu ikinyamaza, walikuwa wanasimama wawili, huyu na kikombe na yule na kikombe, wanachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie hewa, wanapokezana, wanacheka, mikono ikichoka wanaendelea, hao walikuwa watoto wao.

“Mi ninabapa bukari kila mangaribi,” Albertine anaendelea kule nyuma, “kidogo kidogo, banakula muzuri, mais banakufa tu, mumoja, mumoja, hata bale bapya nilikamata, juu ya nini?” ...bukari, ugali, Mungu wangu, amewapa bukari, ndiyo maana maji ni kama uji, ndiyo maana sifongo linanuka sufuria iliyosahauliwa, nani mwingine duniani angeketi na kufinyanga tonge la bukari na kulitumbukiza kwa samaki wa urembo, labda na mboga ya sombe pembeni, labda na pilipili, Hortense karibu acheke, lakini juu ya maji anaona pia miduara ya mafuta, myembamba, inang'aa, na bila kuuliza anapata jibu lake, “Pasta alikuya, aliombea mayi, akatia mafuta ya maombi, alisema kama roho ya Clément haiko na amani... weye unaona aje, bibi yangu?” ...naona aje, naona kwamba umewafunga pua kwa mafuta na tumbo kwa bukari, naona samaki wawili waliobaki wanahema juu ya maji, midomo nje, na naona kwamba unaogopa, Albertine, unaogopa, ndiyo maana umepiga simu mwenyewe, wewe uliyeapa hunijui, ndiyo maana umenitumia teksi inichukue Kamalondo kwenye chumba changu cha kupanga na kunileta huku Bel-Air nikunje mkono wa blauzi mbele yako... na anaogopa kwa nini, kwa sababu ya Jumamosi, Jumamosi wakwe wanakuja kutoa mahari ya Chancelvie, binti yake, na mtoto wa kike haozwi bila noko wake, kaka wa mama, noko ana kiti chake, ana mbuzi wake, ana neno lake, na noko wa Chancelvie alikuwa Clément, na Clément yuko makaburini... “Ba bukwe batakaa pale, mbele ya aquarium, nataka baone kama noko ya mutoto iko humu, hata alikufa iko humu, unanisikia? Donc bile bisamaki bikuwe byingi, bizuri, bitembee...” ...anasikia, ee, anasikia vizuri sana, alikuwa hajajua kwamba anaweza kusikia hivi, masikio yote mawili yamefunguka, maana sasa anaiona njia imenyooka mbele yake kama barabara ya Likasi, mchukue wa bluu, amwambie, mchukue wa bluu, tena chukua watatu, ni wapole, Clément aliwapenda kuliko wote, na Ijumaa, bibi yangu, maana leo na mimi nitakuita hivyo, Ijumaa umwage maji yote haya ya zamani, usibakize hata tone, osha mawe kwa dawa ya javel, osha sifongo kwa javel, wewe si mtu wa usafi, nyumba yako yote inanuka javel kila Jumamosi utadhani hospitali, jaza maji mapya ya robine moja kwa moja, yang'ae, na utie samaki wote siku hiyo hiyo, wakwe wakute kioo... na wakwe watakuta kioo, wataketi pale, wazee kwa kofia zao, soda zitapitishwa, bia zitapitishwa, msemaji atasimama kusema tumekuja kutafuta ua, na nyuma yake tangini samaki wa kwanza atalala ubavu, halafu wa pili, wale wa bluu watamrarua aliye dhaifu mbele ya macho ya watu, kitoto fulani kitasema kwa sauti, mama, angalia, na mzee mmoja, daima yuko mzee mmoja, ataweka chupa chini na kuuliza, samaki hawa ni wa nani, na Albertine mwenyewe kwa mdomo wake usiojua breki atakuwa ameshawaambia tangu mlangoni, ni noko, ni Clément, yuko humu... basi noko amekataa, noko amekataa mbele ya wote, nani atatoa mahari juu ya hapo, watachukua mbuzi wao warudi nao, na Albertine atabaki na sufuria zake za wali na nailoni yake ya kochi, atalia, atakaa chini, hata kama hakuna atakayemkalisha atakaa chini mwenyewe.

Atakaa chini, ndiyo, ajue sakafu ina baridi gani... lakini Chancelvie, moyo unasema, Chancelvie je, na Hortense anauambia moyo unyamaze, maana ni kweli Chancelvie hana kosa, ni kweli ni yeye peke yake katika siku zote zile za kilio aliyepita nyuma ya wanawake na kikombe cha maji amekificha kwenye kitenge, “Tantine, kunywa mbio mbio, mama iko anapika mu cuisine,” ni kweli, atapata mwanamume mwingine, ni mzuri, amesoma, na mimi nilikuwa na kosa gani, aniambie mtu, kosa langu lilikuwa lipi, kumzika mume... ndugu za mume walimkalisha kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, nywele zimenyolewa kwa wembe wa zamani, Albertine alisema hakuna haja ya kutafuta mpya, asioge, asibadili nguo, asile mpaka waamue, na Albertine juu ya kiti, juu yake kabisa, magoti yake karibu na uso wa Hortense, akimwambia lia, unalia kama mtu aliyepoteza kuku, lia bwana, na waombolezaji wakisikia, na siku ya kumaliza kilio wakaja na gari, wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, hao hawakumjua Albertine, Albertine aliniambia toka, kwa sauti, mbele ya jirani, “Bwana yako alikufa, sasa mi njo bwana yako, na mi ninasema utoke mu nyumba ya ndugu yangu,” ...wakatoa kitanda, wakatoa friji, cherehani yangu, ambayo niliinunua kwa mikono hii kabla hata sijamjua ndugu yao, mapazia wakayang'oa na misumari, na mwisho tangi, hawakujua hata namna ya kulibeba, wakaliinamisha kwanza, maji yakamwagika sakafuni, yakaja, yakaja mpaka kwenye mkeka, yakamlowanisha Hortense chini pale alipokaa, maji ya Clément, yaliyolala na kuamka vizuri, na samaki wakawatia kwenye beseni la kufulia, mmoja akaruka, akaangukia simenti, karibu na mkono wake, karibu hivi, angeweza kumfikia bila kujinyoosha, na akainua mkono, na Albertine akasema, “Mujane haamukake pa mukeka, siye njo tutamuamusha,” na mkono ukarudi, mkono wangu mwenyewe ukarudi, nikamtazama yule samaki mpaka alipoacha kupigapiga mkia, mtu akamkanyaga alipokuwa anapitisha kabati, hata hakujua amekanyaga nini... halafu leo aniulize unaona aje, bibi yangu, nimukamate, mkamate, mkamate, mkamate huyo wa bluu, mama, yanayofanywa duniani hulipwa duniani, huko mbinguni kuna foleni.

Neno moja tu, basi, alitamke, ndiyo, na ulitamke vizuri, Hortense, asione kitu usoni, na kwa bahati uso umegeukia kioo, Albertine anaona mgongo tu, mgongo wa mjane umenyenyekea juu ya kazi... alitamke kama Clément angelitamka, hilo ndilo litakalomfanya aamini, sauti ile ya taratibu, ya chini, huyu wa bluu ni mpole, hana shida na wenzake, na Hortense analijaribu moyoni, anamwita mumewe aje aliseme, maana sauti yake anayo yote, ndicho kitu pekee ambacho hawakukipakia kwenye gari, kila usiku na kila asubuhi anayo, uache mayi ilale, hakufake na njaa, inakuja yenyewe akiwa anasuka uzi au anapanga foleni ya maji, haiitwi... na sasa anaiita na haiji, huyu wa bluu ni mpole, sauti ni yake mwenyewe, kavu, ya mwanamke, tena, huyu wa bluu ni mpole, hakuna, pampu inanguruma tu na Albertine anasema jambo kuhusu rangi ya mapazia... Clément, nisaidie, dada yako alininyoa kwa wembe wa zamani, njoo useme, kasirika mara moja tu, kasirika kwa ajili yangu, nami nitaichukua hasira yako hiyo na kumnywesha, na anatafuta, anafungua kumbukumbu moja moja akitafuta Clément aliyekasirika, Clément aliyemwambia dada yake nyamaza, lazima ipo, miaka yote ile, haiwezi kukosekana, mtu hukasirika, na anafika Jumapili, Jumapili za Ruashi, Albertine alikuwa anakuja kula kila Jumapili baada ya ibada ya pili, anakula kwanza, anafuta mdomo, halafu anaanza, “Clément, ndugu yangu, weye ulilima shamba ya mawe, utavuna nini?” ...shamba la mawe ni yeye Hortense, aliyeshika bakuli la kunawia mikono, hana mtoto, na anasimama pale na bakuli, na anamtazama mumewe, anangoja, sasa, sasa atasema, na Clément anainuka... anainuka kweli, Hortense anamwona wazi kabisa, anasukuma kiti taratibu, kisipige kelele, anavuka sebule, anachukua kopo la chakula cha samaki, anagonga kioo kwa ukucha, “Sasa ninyi mulikula?” anawaambia samaki, na mgongo wake umewageukia wao wote wawili, anatia chakula, Albertine anaendelea, shamba, mawe, umri unaenda, kuna mabinti wa kwetu wanaojua kuzaa, na Clément anatia tena, kidogo tena, mtu ambaye siku nyingine zote alihesabu chembe, Jumapili alikuwa anamwaga, anamwaga mpaka dada yake amalize, na dada yake akimaliza anafunika kopo na kurudi mezani na tabasamu, samaki walikuwa na njaa leo... na Jumatatu, Bwana wangu, Jumatatu maji yalikuwa machafu, kila Jumatatu, meupe kama yametiwa maziwa, na mimi ndiye niliyebeba ndoo, mimi, kila Jumatatu nikabadilisha maji yale nikisema ni jicho la Albertine, niliwaambia mpaka jirani, yule mwanamke ana jicho, akilitazama tangi letu maji yanaharibika, nikamwombea dua mbaya nikiwa nimepiga magoti na ndoo, na Clément alinisikia, alikuwa amesimama mlangoni anafunga viatu vya kazi, akanisikia nikisema ni jicho, akacheka kidogo, akasema haraka haraka, yaweza kuwa, akaenda zake.

Yaweza kuwa... alijua, fundi kama yule, aliyenifundisha kwamba samaki hufa kwa shibe, alijua kabisa maji yale yalichafuliwa na mkono wa nani na kwa nini, na akaniacha nibebe ndoo... na Hortense anagundua kwamba hasira iliyokuja naye kwenye teksi kutoka Kamalondo, ambayo alikuwa ameilea kama mtoto mchanga, ameilisha, ameifunika usiku isipate baridi, haimtazami tena mwanamke wa nyuma pekee, imegeuza shingo, inamtafuta mwingine, na mwingine hayupo, huwezi kumuuzia samaki wa bluu mtu aliyekufa... alidhani analitaka tangi hili, alikuwa amepanga kwamba Albertine akiaibika atalitupa na yeye atakuja na mkokoteni kulichukua, atalipeleka chumbani kwake, na sasa akiliangalia, vioo vinne na pembe za gundi, anaona mahali ambapo mwanamume mzima alikuwa anajificha, na halitaki tena, halitaki hata likitiwa dhahabu, wabaki nalo, ni lao, ukimya huu ni wa ukoo wao... samaki wawili wanahema pale juu, midomo inafunguka na kufungika katika mafuta ya pasta, mmoja anateremka na kupita juu ya kifundo cha mkono wake, ngozi kwa ngozi, hawa hawakuoa mtu, hawa walikula tu walichopewa... “Eh, bibi yangu, ulilala? Huyu wa bleu, ndiyo ao hapana? Muuzaji anangoja jibu,” na kochi linalia kwa nailoni yake, Albertine anajigeuza, na hajui, maskini, hajui kilichopita mgongoni pale dakika hizi, na Hortense bado ameinama, mkono bado umezama, sifongo bado liko vidoleni, maji yanamgusa kiwiko pale pale yalipokuwa yanamgusa, na anajisikia anasema, bila kuazima sauti ya mtu, “Hapana. Huyu usimukamate, ataua bote,” na Albertine anasema aah, kwa masikitiko, na anaanza kutafuta picha nyingine, huyu wa manjano basi, na Hortense anasema, “Weka telefone chini, Albertine,” Albertine tu, bila mama, bila dada, na nyuma yake kwa mara ya kwanza tangu alipofika pakawa kimya, kimya cha Jumapili kabisa, kile kile, kilichongoja mtu aseme, na kwa kuwa hapakuwa tena na wa kuinuka kwenda kuwalisha samaki, Hortense akaanza kusema mwenyewe, kuanzia kwenye mkeka na wembe.